Mwongozo kamili: kuotesha vayoleti ya Usambara kwa jani moja bila kuliozesha

Picha mnazonitumia zinafanana mpaka naweza kuzieleza kabla sijazifungua. Kikombe cha plastiki, udongo mweusi umelowa chapachapa, jani limelala ubavu, kikonyo chake kimekuwa cha kahawia kama ndizi iliyosahaulika kwenye kapu, af chini yake swali ni lilelile: "dada nimekosea wapi, mbona nimemwagilia kila siku?" Sasa hapo hapo kwenye "kila siku" ndo ulipokosea, ila sio peke yake, kuna mengine manne matano yanayokuja kabla na baada, na nimeshajibu mmoja mmoja mpaka vidole vinauma. Leo naandika yote sehemu moja.

Jambo moja uliweke kichwani kabla ya kitu chochote, manake hatua zote zinatoka hapo. Huu mmea kwao ni mwambani. Ukienda kwenye misitu ya Usambara, Nguru, Uluguru, au upande wa Kenya kwenye milima ya Taita, unaukuta umejibandika kwenye jiwe lenye kivuli karibu na kijito, na mizizi yake imeshika kwenye kiganja tu cha majani yaliyooza yaliyonasa kwenye ufa wa mwamba. Mvua inanyesha, maji yanapita, yanaenda zake. Unyevu upo muda wote hewani lakini mizizi haijawahi kukaa kwenye bwawa tangu kuumbwa kwake. We ukiuwekea udongo wa bustani wa kufinyanga na maji ya kila asubuhi, umeuzamisha.

## Kwanza tuelewane tunaongelea ua gani

Wengi mnaita vayoleti, vitaluni wanasema afrikan vayoleti, wengine urujuani wa Usambara. Ni ule mmea mfupi unaokaa kama sahani, majani manene yenye manyoya kama velveti, maua ya zambarau yenye petali tano na vitu vya njano katikati (siku hizi yapo meupe, ya pinki, na yale yenye mikunjo mikunjo). Jina la kisayansi la zamani ni Saintpaulia, na toka 2015 wataalamu wameuhamishia kwenye Streptocarpus, kwa hiyo ukiona kibandiko kimeandikwa hivyo usidhani umeuziwa kitu kingine.

Sio urujuani wa kweli. Urujuani wa kweli wa milima yetu mirefu ni Viola eminii, kaua kadogo ka zambarau kanakoota juu kabisa Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, kamezoea baridi ya huko na mjini kwako hakatakushukuru. Hako kaache huko huko, kapige picha upite.

Na huu wa Usambara pia, wa porini, usiuguse. Kuna watu wananiuliza kama wakienda Amani wanaweza kuchomoa kajani kamoja tu, jibu ni hapana, ile ni hifadhi, na aina nyingine za huu mmea zinaishi sehemu ndogo sana, ile ya Taita kwa mfano inajulikana kwenye kilima kimoja tu cha Mbololo. Watu hamsini wakichukua kajani kamoja kamoja unaelewa hesabu inaishia wapi. Jani chukua kitaluni au kwa jirani. Hakuna mtu mwenye vayoleti nzuri anayekataa kutoa jani, tunapenda sana kuombwa.

## Mahitaji

Kusanya vyote kwanza, usianze kukata jani halafu ndo ukimbilie dukani.

- Jani moja zima lenye kikonyo, ila mi nakushauri matatu, moja likifa usilie.
- Wembe mpya, na spiriti kidogo ya kuufuta.
- Kikombe kidogo cha mtindi au cha plastiki, kirefu kama sentimita 6 au 7, sio kopo la lita.
- Kokopiti, ile ya makumbi ya nazi inayouzwa kama tofali.
- Mawe mepesi yenye matundu, ni lile lile jiwe la kusugulia visigino, vitaluni wanayo ya kusagwa. Ukikosa tumia pumba za mpunga zilizochomwa zikabaki nyeusi (nyeusi, sio majivu), au mchanga wa mto wenye punje kubwa ulioosheka vizuri.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyo safi, ya kukata. Mwongozo wa zamani unasema mfuko wa nailoni lakini mifuko ilishapigwa marufuku, Kenya 2017 na kwetu Tanzania 2019, na chupa ni bora zaidi manake ina kifuniko cha kufungua na kufunga.
- Penseli, vijiti vya meno, msumari.
- Maji ya mvua, au ya bomba yaliyolala ndooni usiku mzima.

Homoni ya kuotesha mizizi sio lazima. Mdalasini, kuna watu wanauapia, mimi nimejaribu na kutojaribu na sikuona tofauti. Kwenye mandazi unafaa zaidi.

## Hatua ya 1: Chagua jani lenye umri sahihi

Uangalie mmea kwa juu. Majani yamepangana duara ndani ya duara. Duara la nje kabisa ni wazee, wana rangi ya kupauka, wataoza kabla hawajafanya kitu. Ya katikati kabisa ni watoto, ukiyakata unauumiza mmea na yenyewe hayana akiba. Unataka duara la pili au la tatu kutoka nje, jani lililokomaa lakini bado lina nguvu, kijani imara, halina doa wala pembe iliyochanika.

Mwagilia mmea mama siku moja kabla. Jani lililoshiba maji linavumilia wiki za mwanzo ambapo halina mizizi ya kunywea.

Angalizo kwa wapenda maua ya kipekee: yale maua yenye mistari inayotoka katikati kwenda nje kama spoku za baiskeli hayarudi yalivyo kwa njia ya jani. Utapata mmea mzuri tu lakini ua litakuja la rangi moja au limevurugika. Sio kosa lako na sio kosa la aliyekupa jani. Na kama majani yana mabaka meupe, chagua lile lenye kijani kingi, jeupe sana halina chakula cha kuwalisha watoto, yaani vile vimea vidogo vitakavyotokea kwenye kikonyo.

Utajua umepata jani zuri ukilisukuma pembeni likakatika "tak" kama bamia changa. Likijipinda bila kukatika limechoka, tafuta lingine.

## Hatua ya 2: Kata

Livunje kutoka kwenye shina kwa kulisukuma upande mmoja, usiache kisiki. Kisiki kikibaki kinaoza na uozo unaingia kwenye mmea wa mwenyewe, hapo utakuwa umeua ua la jirani.

Sasa futa wembe na spiriti, kata kikonyo kibaki kama sentimita 3, kwa mshazari, na ule uso wa mshazari uelekee upande wa juu wa jani, upande ule mzuri unaoutazama. Sababu ni kwamba vitoto vinatokea pale kwenye kidonda, kidonda kikielekea mbele vinatokea mbele ya jani kwenye mwanga badala ya kujificha nyuma yake.

Kwa nini wembe na sio kisu? Kisu cha vitunguu hakikati, kinaponda, na pale palipopondwa ndo mlango wa ukungu. Kwa nini sentimita 3 na sio kikonyo kizima? Kikirefu jani linayumba na watoto wanatokea mbali chini, wanachukua muda kufika juu. Kikiwa kifupi sana uso wa jani unagusa udongo, unaoza.

Jani likiwa kubwa kama kiganja, kata theluthi yake ya juu pia, ndio, ukate jani lenyewe. Najua roho inauma, ila jani kubwa likiachwa hivyo huwa linaendelea kunenepa lenyewe badala ya kuzaa. Ukilipunguza linaacha kujipenda.

Halafu liache mezani dakika kumi na tano, kidonda kikauke kidogo. Kanywe chai.

## Hatua ya 3: Mchanganyiko (hapa ndo wengi mnafia)

Nitakaa hapa kidogo.

Nusu kokopiti, nusu mawe mepesi yaliyosagwa, punje ziwe kama za mchele mpaka nusu ya punje ya hindi. Basi. Hakuna udongo mwekundu, hakuna samadi, hakuna mboji, hakuna "kaudongo kidogo ka bustani kwa ajili ya rutuba". Jani halina mizizi, halili, rutuba kwa sasa ni ya kulisha ukungu na vijidudu tu. Mbolea itakuja baadaye kwenye maji.

Kokopiti ioshe kwanza, mara mbili au tatu, mpaka maji yanayotoka yasiwe na rangi ya chai ya rangi. Ile inatoka kwenye makumbi ya pwani na mara nyingine inakuja na chumvi, na chumvi inaunguza mizizi michanga. Nilishanunua tofali moja, duka silitaji, nikapanda majani nane bila kuosha, yote manane yalikauka ncha za mizizi ndani ya mwezi na mimi nikawa nalaumu hali ya hewa.

Baada ya kuosha mwagia maji yaliyochemka, funika, acha ipoe kabisa. Hii inaua mayai ya vile vijinzi vidogo vyeusi ambavyo baadaye funza wake wanatafuna mizizi.

Changanya na mawe, halafu fanya jaribio hili na usiliruke: chota konzi, kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakitiririka kwenye kiwiko, mabichi mno, tandaza ikauke. Isipotoka hata tone na ukifungua kiganja ikasambaratika kama vumbi, ongeza maji kidogo. Ukiizoea utaijua kwa mkono tu kama unavyojua unga wa chapati.

Kikombe kitoboe chini matundu matano, msumari uupashe kwenye jiko kwanza, plastiki haitapasuka. Sijawahi kuona jani lililopona kwenye kikombe kisicho na tundu, na kuna mtu amenitumia picha ya glasi ya kioo, glasi jamani, imejaa udongo, anauliza maji yanatokea wapi. Ndo hilo swali sasa.

## Hatua ya 4: Panda kwa kina kifupi

Jaza kikombe, gonga mara moja mezani kitulie, usikandamize. Toboa kwa penseli tundu la sentimita moja na nusu, ingiza kikonyo kwa kulaza kidogo, uso mzuri wa jani ukitazama nje. Bana kwa vidole viwili taratibu. Kama linaanguka liegemeze kwenye ukingo wa kikombe au lizuie na kijiti cha meno kwa nyuma.

Kosa la kawaida ni kulizika mpaka shingoni ili "lisimame imara". Ukilizika hivyo, watoto watatafuta njia ya juu kwa miezi na wengi wataoza humo humo.

Mwisho wa hatua hii uso wa jani haugusi mchanganyiko popote, na ukitikisa kikombe jani linatikisika nacho, halichezi peke yake. Andika tarehe kwenye kikombe. Iandike kweli, utanielewa hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Nyumba ya chupa na mahali pa kuiweka

Kata chupa katikati, ile nusu ya juu ivishe kikombe kama kofia, kifuniko kimefungwa. Ndani kutakuwa na unyevu kama wa msituni, jani halikauki hata kama halina mizizi. Kwa wiki mbili za mwanzo huhitaji kumwagilia kabisa. Narudia, kabisa. Ukiona matone mazito yanatiririka ndani ya chupa fungua kifuniko masaa machache.

Mwanga unaotakiwa ni mwingi lakini sio jua lenyewe. Jua likipiga chupa moja kwa moja ndani kunakuwa sufuria, utakuta umepika mchicha. Kipimo changu: weka mkono juu ya kikombe saa sita mchana, ukiona kivuli chenye kingo laini pako vizuri, kivuli kikali chenye kingo kama zimekatwa kwa mkasi ni jua mno, kivuli kisionekane kabisa ni giza.

Na hapa nitoe dukuduku langu kuhusu miongozo ya Ulaya na Marekani ambayo watu wanaifuata neno kwa neno. Inasema dirisha la kaskazini ndo salama, halipigwi na jua. Kwao ndio. Kwetu tuko kwenye ikweta au chini yake kidogo, mwezi wa sita jua liko upande wa kaskazini na linaingia dirishani kwako vizuri tu, mwezi wa kumi na mbili limehamia kusini. Ukiweka "kaskazini salama" mwezi wa tatu, Juni utakuta majani yameungua. Kwetu dirisha la mashariki ndo tamu, kajua ka asubuhi kasiko na makali, na hata hapo weka pazia jepesi au rudisha kikombe nyuma hatua moja.

Joto linalofaa ni kama nyuzi 18 mpaka 26. Lushoto, Arusha, Nairobi, Limuru, mnapata hilo bila jasho. Watu wa Dar, Tanga mjini, Mombasa, nimewawekea sehemu yenu chini.

## Hatua ya 6: Subiri, na usifukue

Hii ndo hatua ngumu kuliko zote kwa sababu hakuna cha kufanya.

Jani langu la kwanza kabisa nililifukua kila Jumapili baada ya kutoka kanisani, nilikuwa nataka tu kuona. Jumapili ya tatu nilikuta mizizi, myeupe, myembamba kama tambi zilizochemka, ipo minne, nikafurahi nikamwita mama aje aone, nikairudishia, na katika kuirudishia nikaivunja yote. Jani likaanza upya. Jumapili mbili baadaye nikafukua tena. Unaweza kukisia.

Ratiba yenyewe iko hivi. Wiki ya kwanza na ya pili jani linaonekana lilivyo, au linalegea kidogo halafu linasimama. Wiki ya tatu na ya nne mizizi inatoka, huioni. Kujua bila kufukua, shika ncha ya jani kwa vidole viwili ulivute juu kidogo sana, kama unavyomvuta mtoto sikio bila kumuumiza. Likikushikilia, lina mizizi. Likija lote bila ubishi bado, lirudishe ulivyolikuta ufunge mdomo. Mara moja tu, ukifika mwezi, sio kila siku.

Kuanzia wiki ya 6 mpaka ya 10 ndo watoto wanatokea. Mengine yanachelewa mpaka miezi mitatu na zaidi, hasa ya aina zenye mabaka, na ndo maana nilisema andika tarehe, manake kila mtu anayeniambia "nimesubiri miezi minne" nikimuuliza alipanda lini tunakuta ni wiki ya saba. Jani likiwa bado kijani na gumu, liko kazini.

Kumwagilia kipindi hiki: kikombe kikiwa chepesi mkononi na juu pameanza kupauka, kiweke kwenye kisosi cha maji ya uvuguvugu wa chumba dakika ishirini, kitoe, maji yaliyobaki mwaga. Maji ya kwenye friji au ya bomba ya asubuhi ya baridi usitumie, yakigusa jani lenye joto yanaacha madoa ya njano na ya kahawia ambayo hayatoki tena.

## Hatua ya 7: Watoto wametokea

Siku moja utaona kitu chini ya jani, kwenye mpaka wa kikonyo na mchanganyiko. Mara ya kwanza nilidhani ni ukungu. Ni vijani viwili vidogo kuliko punje ya ulezi, vimekunjwa, vina manyoya meupe, kama masikio ya panya mchanga. Baada ya siku chache vinakuwa vinne, halafu panatokea kingine pembeni, na kingine. Jani moja linaweza kutoa watoto wawili, linaweza kutoa kumi.

Usiwatenganishe bado! Mama bado anawalisha. Ulichonacho kufanya ni viwili. Kwanza anza kuwazoesha hewa, fungua kifuniko cha chupa siku mbili tatu, halafu inua chupa masaa machache kila siku, ndani ya wiki moja ukaiondoe kabisa. Ukiiondoa ghafla wanasinyaa. Pili anza mbolea ya maji, ile NPK ya kuyeyusha 20-20-20, robo kijiko cha chai kwa lita nne za maji, kila baada ya wiki mbili. Robo kijiko, lita nne. Usiongeze kwa huruma.

## Hatua ya 8: Kutenganisha

Subiri kila mtoto awe na majani manne au zaidi na yale makubwa yafike sentimita 2 au 3. Kwa kawaida hapo ni miezi mitatu hadi minne tangu kupanda.

Acha kikombe kikauke kidogo, kiminyeminye, geuza bonge lote kiganjani. Litenganishe kwa kijiti cha meno taratibu, ukianzia chini kwenye mizizi, sio kwa kuvuta majani. Kila mtoto ana moyo wake katikati, vijani vinapotokea. Hakikisha kila kikombe kipya kinapata moyo mmoja tu. Ukipanda mioyo mitatu pamoja utapata kichaka kisichochanua vizuri.

Mtoto akitoka na mizizi miwili tu sio msiba, ataishi. Akitoka bila mzizi mfunike na chupa kama ulivyofanya kwa jani.

Mchanganyiko ni ule ule, ila sasa kokopiti inaweza kuzidi kidogo. Kikombe kiwe kidogo, sentimita 5 au 6 upana. Watu wanapenda kuwapa nyumba kubwa "wasisumbuke kuhamisha", udongo mkubwa unashika maji ambayo mizizi midogo haiwezi kuyamaliza, tunarudi kwenye bwawa. Hata ukikua, chungu kiwe kama theluthi ya upana wa mmea, haupendi kujitanua chini. Funika wiki moja, halafu fungua taratibu.

Vikianza kutoa majani mapya katikati, yenye rangi iliyoiva kuliko ya zamani, umefaulu.

## Hatua ya 9: Mpaka ua la kwanza

Kuanzia hapo ni kuishi nao tu. Ua la kwanza linakuja kama miezi minane mpaka mwaka tangu ulipochomeka jani. Yakichelewa, karibu kila mara ni mwanga. Vikonyo vikirefuka na majani yakisimama juu kama yanaomba, giza limezidi. Majani yakijibana katikati na kupauka, mwanga umezidi. Usiku yapate giza angalau masaa manane, kwa hiyo sio pale sebuleni taa inapowaka mpaka saa nane za usiku watu wanaangalia mpira.

Manyoya ya majani yanashika vumbi. Futa kwa brashi laini ya rangi ya watoto, kavu.

Ukisafiri, pitisha uzi wa nailoni kwenye tundu la chini la kikombe, ncha nyingine iwe ndani ya kopo la maji lililoko chini, utanyonya taratibu. Usitumie uzi wa pamba, unaoza.

## Kwa watu wa pwani

Joto lenu likipita nyuzi 30 mchana na usiku halishuki, jani linaoza hata ukifuata yote. Kwa hiyo anzeni kwenye kipupwe, Juni mpaka Agosti, mpate watoto kabla joto halijarudi. Chumba chenye upepo, chini sakafuni karibu na dirisha ni baridi kuliko juu ya kabati, na chupa iache kifuniko wazi muda wote.

Maji ya kisima yenye chumvi ni hapana. Utaona ukoko wa rangi ya kutu kwenye ukingo wa kikombe na katikati ya mmea, hiyo ni chumvi. Kingeni ya mvua, ndoo mbili za masika zinakutosha miezi mingi, mmea wenyewe unakunywa kidogo.

## Ukiona hivi, fanya hivi

Kikonyo kimekuwa laini na cha kahawia chini lakini jani juu zima: toa, kata mpaka ufike kwenye nyama safi ya kijani, kausha, panda upya kwenye mchanganyiko mpya. Ule wa zamani tupa nje, usiutumie tena.

Vipamba vyeupe kwenye makutano ya majani ni vidung'ata. Chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti, gusa kimoja kimoja, rudia kila baada ya siku tano mpaka visahaulike. Mmea mpya kutoka kitaluni ukae peke yake mwezi mzima kabla haujakutana na wengine, mi nilipuuza hili mara moja na nikapoteza rafu nzima ya dirisha.

Majani ya katikati yamejikunja, magumu, madogo, yana manyoya mengi isivyo kawaida: hao ni utitiri wasioonekana kwa macho. Tupa mmea wote, osha mikono kabla hujagusa mwingine. Kuna mapambano hayana faida.

Unga wa njano umemwagika kwenye petali wakati hujaugusa mmea: kuna vidudu vyembamba vinakula chavua. Kata maua yote, hata machanga, kwa wiki kadhaa, uwanyime chakula.

Na lile jani mama, baada ya kuwatoa watoto, kama bado ni kijani na gumu usilitupe. Kata kikonyo upya kwa wembe, nusu sentimita tu, rudi hatua ya 3. Nina moja dirishani hapa lina ncha iliyokatwa na kovu ubavuni, ni duru yake ya tatu, na jana nimeona masikio mawili ya panya yanachungulia.